Miguu ya Kijumba cha Zaina

Waliokuwepo korongoni siku ile ni hawa. Fundi Salumu Kirumbi, Mrangi wa Busi, aliyenifundisha kuchomelea. Zaina, mtoto wa dada yake Fundi, mpima macho, ambaye gari lilikuwa lake na kijumba chake. Bwana Harishi, mwenye gereji yetu ya Chang'ombe, aliyoachiwa na baba yake Bwana Mohani. Stivini, dereva wa gereji, ambaye ni mkwe wangu kwa binti yangu Ester. Mzee Issa, mkulima wa ng'ambo ya korongo, na ng'ombe wake wa kulimia, mmoja Bahati na mwingine Chunga. Na mimi Yunisi, ambaye ninyi vijana wa gereji mnaniita Bibi Grainda mkidhani sisikii.

Mmeniomba niandike kazi niliyoifanya, maana nimepumzika na mikono imeanza kutetemeka. Nimesoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo msinihesabie nukta. Nitaandika kama ninavyosema, nanyi msome kama mnavyonisikiliza, tofauti tu ni kwamba safari hii hamwezi kuondoka katikati kwenda kununua soda.

Niliingia gereji kufagia. Baba yake Bwana Harishi alitaka mtu wa kuokota vipande vya chuma na kutenganisha chakavu na kinachofaa. Siku ya kwanza Fundi Salumu alikuwa anachomelea bodi ya lori la alizeti, nami nikasimama na ufagio wangu nikiutazama ule mwanga, maana nilikuwa sijawahi kuona kitu cheupe vile. Usiku macho yalijaa mchanga ambao haukuwepo. Mama mkwe wangu, Mama Paulina, alinibandika viazi vibichi machoni hadi asubuhi huku akiniuliza ni kazi gani hiyo ya kumpofusha mke wa mtu. Kesho yake nikarudi macho mekundu. Fundi akaniangalia.

"Umeshauona mwanga?"

"Nimeuona, Fundi."

"Basi hutautazama tena."

Akanipa kinyago chake cha zamani, chenye kioo kilichopasuka pembeni, na nyundo ndogo ya kubandua takataka zinazogandia juu ya mshono wa kuchomelea. Nikaanza kazi hivyo, hakuna aliyenitangaza. Nilibandua mishono ya watu kwa muda mrefu kabla sijapiga wa kwangu, na hapo ndipo nilipojifunza, kwa sababu mshono mbaya unaujua ukiubandua. Fundi hakuwa mtu wa kusifu. Ukipiga mshono mzuri alikuwa anapita bila kusema kitu. Ukipiga mbaya alikuwa anasimama, anakohoa, halafu anakuuliza habari za nyumbani.

Sasa mjue mambo mawili ya gereji yetu, maana bila hayo hamtaelewa kilichotupata.

La kwanza, hatukupenda bodi inayolia. Malori ya alizeti na mahindi yanatoka shambani kwenye njia mbovu, na mwenye lori akisikia bodi inalia nyuma yake usiku kucha, anarudi kugomba. Kwa hiyo Fundi alichomelea kila kinachogusana na kingine. Bodi zake zilikuwa kimya. Watu walitoka hadi Kibaigwa kumfuata kwa ajili ya ule ukimya.

La pili, aliyepiga mshono wa mwisho ndiye anayepanda nyuma gari likijaribiwa, tena anakaa mahali pabaya zaidi, pale mzigo utakapokaa. Mimi nimejaribiwa hivyo mara nyingi, nimekaa juu ya bomba, juu ya tangi, mara moja nimekaa kwenye kizimba cha kusafirishia nguruwe, na watu wa Makole walinicheka mtaa mzima. Lakini ukijua utapanda mwenyewe, mkono hauharakishi.

Zaina alikuja na pikapu lake la milango minne na kile kijumba akiwa amekipakia kwenye lori la kukodi. Ni kijumba cha kulala, kinachowekwa juu ya bodi ya pikapu, bati jepesi na mbao, kina kitanda juu ya paa la dereva, meza, sinki dogo na mlango nyuma. Alikinunua kikiwa kimetumika. Alitaka azunguke vijijini kupima macho ya watu, mchana apimie humo, usiku alale humo humo. Tatizo lilikuwa kwamba kimetengenezwa kwa gari lenye bodi ndefu. Tulipokipandisha, sehemu ya nyuma ikabaki nje, inaning'inia hewani, kama mkono wangu kuanzia begani hadi vidoleni. Mlango wa nyuma wa bodi haukuweza kufungwa.

"Mjomba," Zaina akasema, "si tuuache umelala tu, kijumba kiegemee juu yake?"

"Ule unashikwa na waya mbili kama za kuanikia nguo," Fundi akasema. "Unataka kuanika nyumba?"

"Tuuondoe basi."

"Tunauondoa. Halafu nakipa miguu."

Akakipa miguu miwili ya bomba la mraba, kutoka kwenye bampa la nyuma kwenda juu hadi kwenye boriti ya chuma iliyo chini ya sakafu ya kijumba. Mguu wa kulia na wa kushoto. Bwana Harishi, ambaye hachomelei lakini ana macho, alikuja akainama akauliza kama hapastahili mpira katikati, kati ya mguu na boriti.

"Mpira unalia, Bwana Harishi," Fundi akamjibu. "Na ukilia mtoto wa dada yangu hatalala."

Akachomelea juu na chini. Mbele tukakaza kwa skrubu ndefu kwenye ndoano za bodi, zile ndoano zinazokuja na gari. Tulikitikisa kwa mabega. Kimya. Ninyi mnaosoma mmeshaona kosa liko wapi, kwa sababu nimewafundisha. Sisi tulikuwa hatujafundishwa na mtu, tulikuwa bado hatujafika korongoni.

Safari ya kujaribu ikawa ndiyo safari ya Busi, maana Zaina alitaka kuanzia kazi kwao. Bwana Harishi akasema atakuja kuona gari linavyokwenda. Stivini anaendesha, mimi na Zaina nyuma yake, Bwana Harishi mbele. Fundi akafungua mlango wa kijumba akapanda.

"Mjomba, kwa umri huo? Kaa mbele na sisi."

"Nani kapiga mshono wa mwisho?"

"Wewe."

"Basi usinishushe mbele ya huyu Mgogo."

Huyo Mgogo ni mimi. Nikamwambia akianguka nitamwokota na ufagio.

Lami hadi Kondoa haikutusumbua. Bwana Harishi alishusha kioo akatega sikio, akatabasamu. Hakikulia kitu. Baada ya lami tukaingia njia ya vumbi, na baadaye tukafika kwenye korongo la mchanga, kavu, pana, ambalo gari zote zinavuka hapo. Stivini alishuka vizuri, akavuka mchanga bila kunasa, akaanza kupanda ukingo wa pili. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshakanyaga juu, ya nyuma bado chini, na bampa la nyuma likagota chini kwenye mchanga mgumu.

Nilisikia kishindo. Halafu bati likachanika, mlio mrefu, nikajua bila kutazama. Stivini akakanyaga breki. Gari likasimama limeinua pua.

Tulishuka. Bampa lilikuwa limesukumwa juu, na miguu yote miwili ikasukuma pamoja nalo, kwa kuwa ilikuwa imechomelewa na haikuwa na pa kwenda. Ilikuwa imeinua kijumba kwa nyuma, ndoano za mbele zikang'oka kwenye bati la bodi kama vifungo vya shati. Halafu kijumba kikatelezea nyuma. Hapakuwa na mlango wa bodi wa kukizuia. Sasa kilikuwa kinaning'inia maradufu ya mwanzo, kimeshikwa na miguu hiyo hiyo iliyokivunja. Wa kushoto umepinda lakini umekaa chini. Wa kulia umejikunja ukainuka, umelala mbele ya mlango wa kijumba kama komeo.

Na Fundi alikuwa ndani.

"Mjomba," Zaina akaita. "Mjomba."

Sauti ikatoka kwenye kidirisha cha pembeni, kile ambacho hata paka mnene hapiti. "Niko hapa. Nimegonga goti."

"Uko nyuma au mbele?" nikamuuliza.

"Niko mlangoni. Haufunguki."

"Fundi, rudi mbele. Panda kitandani, taratibu. Usiruke."

Alipopiga hatua ya kwanza kijumba kikashuka kidogo, mguu wa kushoto ukalia. Akapiga nyingine. Nilimsikia akipanda kitandani, juu ya paa la dereva, na kijumba kikatulia. Kwa sauti ya utulivu kabisa akauliza, "Magurudumu ya mbele yamegusa chini?"

Stivini akapiga teke moja. Yalikuwa yamegusa, lakini mepesi, na lile gari lilikuwa linataka kurudi kinyumenyume.

"Bwana Harishi," Fundi akasema kutoka ndani, "samahani sana. Nakuomba ukae juu ya boneti."

Bwana Harishi ni mtu mwenye mwili. Hakuuliza. Akapanda, akakaa na suruali yake ya krimu, akatazama mbele kama anayesubiri kupigwa picha, na gari likabana chini vizuri. Zaina akaweka mawe nyuma ya matairi.

Hapo ndipo Mzee Issa alipotokea na ng'ombe wake, nira shingoni, anatoka shambani. Zaina akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kumtazama, anatazama gari.

"Mnafanya nini kwenye njia ya maji?"

"Tumekwama, mzee. Mjomba wangu yumo ndani."

Mzee Issa akanyoosha fimbo kuelekea vilimani. Sisi tulikuwa tunatazama chini muda wote. Kule juu kulikuwa kumefunga, weusi mtupu, na pale tuliposimama jua linachoma.

"Inanyesha kule tangu nilipowafunga hawa. Maji yatakuja. Fungeni kamba, ng'ombe wawavute."

Stivini alikuwa ameshakimbilia kamba. "Tuvute, Mama. Tutoke humu kwanza, mengine huko juu."

"Tuvute," Bwana Harishi akasema kutoka kwenye boneti.

Zaina alinishika mkono. Na Fundi, ambaye alikuwa anasikia yote, akasema, "Mkilivuta gari, litakuja. Mimi na kijumba tutabaki hapo chini."

Nilikitazama kijumba. Alikuwa anasema kweli. Uzito mwingi ulikuwa umeshapita nyuma ya ekseli. Gari likishtuka mbele, mguu wa kushoto unalala, kijumba kinaangukia mgongo na mlango unakuwa chini mchangani, na maji yanakuja.

"Hakuna kuvuta gari," nikasema.

"Una hakika, Yunisi?" Bwana Harishi akaniuliza.

"Sina. Lakini tunakiegemeza kwanza, tunakata mguu wa kulia, Fundi anatoka, ndiyo tunavuta."

"Na maji?"

Nikageuka kumwita Stivini alete jeki.

Jeki ukiiweka kwenye mchanga inazama. Tukashusha tairi la akiba, tukalilaza chini ya kijumba, juu yake mbao ambazo Stivini alibeba kwa ajili ya kujinasua, juu ya mbao jeki. Ilibidi jeki ishike boriti ya chuma. Ikishika sakafu ya mbao itapenya kama kidole kwenye papai. Boriti nilijua ilipo, nilikuwa nimebandua mishono yake mwenyewe. Lakini ilikuwa ndani, na kuifikia lazima mtu mmoja aelekeze jeki na mwingine azungushe mkono wa jeki, wote wawili wakiwa wamelala chini ya kijumba.

Sasa Stivini ni mkwe wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Tangu amemwoa Ester hatujala sahani moja wala kukaa benchi moja. Gerejini nikiingia upande huu yeye anatokea ule, watu walishazoea. Nikamwona amesimama na mkono wa jeki, anatazama pembeni.

"Baba," nikamwambia, "ingia."

"Mama, nitamwita Mzee Issa."

"Mzee Issa ana ng'ombe. Ingia."

Akaingia. Tulilala bega kwa bega mchangani, kijumba juu ya nyuso zetu, yeye anazungusha na mimi naelekeza. Alizungusha amefumba macho, na sijui kama ni kwa kile kijumba au kwa ajili yangu. Jeki ikagusa boriti. Tairi likabonyea, mbao zikalia, halafu vikabeba. Nikahisi uzito umehama. Nikamwambia Fundi usisogee bado, akasema nimeolewa na hiki kitanda, sisogei.

Umeme wa kuendeshea grainda, mashine ya kukatia chuma, haukuwepo pale korongoni. Tulikuwa na msumeno wa chuma wa mkono, wembe wake umetumika. Nikasimama mlangoni nikaanza kuukata mguu wa kulia, chini ya mshono wa Fundi, kwa sababu mshono wake usingekatika hadi leo. Bomba lililopinda linabana wembe. Ukilazimisha, wembe unavunjika, na hatukuwa na wa pili. Kwa hiyo nilikata polepole huku kila mtu akitaka niharakishe. Mzee Issa aliwapeleka ng'ombe juu ya ukingo. Zaina akawa anatazama juu ya korongo tu.

"Yunisi," Fundi akaniita kutoka ndani.

"Naam."

"Unakata au unasugua sufuria?"

"Nasugua. Unataka kutoka na masizi?"

Akacheka kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, nadhani mimi peke yangu niliyesikia, "Ningeweka mpira."

"Tutaweka," nikamwambia. Nikaendelea kukata.

Bomba lilikatika kwa mlio mdogo tu. Stivini akalivuta pembeni kwa mikono miwili, nikafungua mlango, nikamwambia Fundi aje sasa, kwa kitako, asisimame. Kijumba kikashuka, jeki ikalia, tairi likabonyea zaidi. Akaja akijiburuta na lile goti, mpaka miguu yake ikatokea mlangoni, Stivini akamkumbatia kiunoni akamtoa kama mtoto.

Halafu maji. Yalikuja kwanza membamba, rangi ya chai ya maziwa, yanasukuma majani makavu na mavi ya mbuzi. Zaina akasema tuache kijumba. Fundi, amesimama kwa mguu mmoja, akasema tufunge kamba kwenye kijumba, siyo kwenye gari. Tukaizungusha kwa nyuma ya kijumba, tukaipitisha pande zote mbili hadi mbele kwenye nira. Bwana Harishi akateremka kwenye boneti akashika breki. Bahati na Chunga wakavuta, na kijumba kikarudi mbele juu ya bodi, bati juu ya bati, mlio ambao mtu mwenye masikio kama ya Fundi hapaswi kuusikia. Tukakifunga pale pale. Kisha ng'ombe na injini pamoja wakalitoa gari. Jeki, mbao na tairi la akiba vilibaki, na tulipotazama nyuma hatukuviona tena.

Tuliporudi Chang'ombe tulianza upya. Nalieleza hili vizuri kwa sababu ndilo mnalolihitaji, maana vijumba hivi vinaanza kuja mjini. Sehemu inayoning'inia haiegemezwi kwenye bampa. Tulifunga mikono miwili ya chaneli, vile vyuma vyenye mfereji, kwenye chasisi, uti wa mgongo wa gari, ikapita chini ya bodi ikatokeza nyuma, ikawa kama rafu. Juu yake ubao wa mninga, juu ya ubao mpira wa tairi kuukuu. Kijumba kimelala juu ya mpira, hakikuchomelewa popote, kinapumua. Ndoano za mbele tulizifunga kwenye chasisi, siyo kwenye bati. Mahali ulipokuwa mlango wa bodi tukaweka kizuizi kifupi cha chuma, ili kijumba kisiteleze hata kama kila kitu kimeng'oka. Bampa tukalikata, tukalipandisha. Na vitu vizito, tangi la maji na mtungi wa gesi, Zaina tulimwambia aviweke mbele kabisa.

Kinalia. Ukitikisa kwa bega kinalia kama kitanda cha kamba. Siku tunamkabidhi, Fundi alikisikia. Tulisimama wote tunamngoja. Akakohoa, nikadhani sasa ataniuliza habari za nyumbani.

"Acha kilie," akasema.

Fundi Salumu amefariki, alifia kwake Busi, mzee, kitandani. Zaina bado anazunguka na kijumba chake. Mimi na Stivini tumerudi kwenye heshima yetu, kila mtu na benchi lake.

Kuna jambo moja ambalo hatujakubaliana, na ndilo limenifanya niandike. Stivini anasema alipomtoa Fundi mlangoni maji yalikuwa yameshafika, tena magotini. Zaina anasema yalikuwa yameshafika lakini kwa vidole vya miguu tu. Mzee Issa, nilipomuuliza mwaka jana kwenye arusi, alisema hakumbuki maji, anakumbuka mtu amekaa juu ya boneti. Mimi nakumbuka viatu vya Fundi vilipogusa mchanga. Vilikuwa vikavu, na mchanga ulikuwa mkavu, na maji yalikuja baadaye. Kama ndivyo, basi nilikuwa na muda wa kukata polepole. Kama sivyo, nilikuwa nakata polepole na maji yakiwa miguuni mwangu, nami sikuyaona, naye alikuwa ndani anachekeshana nami. Fundi sikuwahi kumuuliza. Kwa hiyo ninyi mliobaki, Stivini, Zaina, Bwana Harishi, someni hapa, na pale niliposema uongo bila kujua mnirekebishe. Majina nina uhakika nayo. Viatu ndivyo mniambie.